Nchi Inayodaiwa: Uzalendo katika Filamu za Marekani

Filamu ya kizalendo, kwa maana itakayotumika katika sura hii, ni filamu inayomfanya mtazamaji aipende nchi inayosimuliwa, au angalau aelewe kwa nini watu wake wamekuwa tayari kuifia. Marekani imetengeneza filamu za namna hiyo tangu enzi za sinema bubu, na nyingi kati yake zimesahaulika pamoja na vita na kampeni zilizozizaa, kwa kuwa bendera inayopepea na tarumbeta inayolia humsisimua mtu kwa dakika chache tu, kisha taa zikiwashwa kila mmoja hushika njia yake. Zile zilizodumu, ambazo bado huwatoa watu machozi miaka 50 au 80 baada ya kutengenezwa, zina sifa moja inayozitenga na nyingine: haziisifu nchi kwa yale iliyokwisha kuyatenda, bali zinaidai yale iliyoyaahidi. Azimio la Uhuru la mwaka 1776 lilitamka kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, ilhali wengi wa waliolitia saini walimiliki watumwa, hivyo taifa hilo lilizaliwa na deni. Na Waswahili walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Mashujaa wa filamu zitakazojadiliwa hapa ni wadai. Ni watu wa kawaida wanaosimama mbele ya nchi yao wakiukumbuka mkataba neno kwa neno, wakakataa kuondoka kabla hawajasikilizwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mr. Smith Goes to Washington, filamu ya mwaka 1939 iliyoongozwa na Frank Capra kwa ajili ya studio ya Columbia. Capra mwenyewe hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa Bisacquino, kisiwani Sicily, mwaka 1897, akavushwa bahari akiwa mtoto wa takriban miaka sita katika familia maskini, na pengine ndiyo maana aliyachukulia maandishi ya waasisi wa taifa kwa uzito ambao wenyeji walikwisha kuuzoea hadi ukapoa. Mhusika wake mkuu, Jefferson Smith, aliyeigizwa na James Stewart, ni kiongozi wa vijana kutoka jimbo la magharibi lisilotajwa jina, ambaye anateuliwa kujaza kiti cha seneta aliyefariki kwa sababu wakubwa wa jimbo wanaamini kwamba hatauliza maswali. Anafika Washington akiwa amebeba njiwa wa kupeleka habari kwa mama yake, na jambo la kwanza analolifanya ni kuwatoroka wenyeji wake ili azunguke kutazama makaburi na sanamu za waasisi. Katika jengo la kumbukumbu la Abraham Lincoln anamkuta mtoto akimsomea babu yake maneno ya rais huyo yaliyochongwa ukutani, huku mzee mmoja Mweusi akiingia na kuvua kofia yake polepole. Kamera inakaa juu ya uso wa mzee huyo kwa muda mfupi tu, lakini ndani ya muda huo filamu inadokeza jambo ambalo hadithi yake haikuthubutu kulieleza kwa maneno, kwamba walikuwapo raia ambao maneno yale ya ukutani yalikuwa hayajawafikia.

Kiini cha kisa ni wizi. Tajiri mmoja, Jim Taylor, anayewaweka mfukoni wanasiasa wa jimbo zima pamoja na magazeti yake, amepenyeza ndani ya mswada wa fedha mradi wa bwawa kwenye ardhi aliyoinunua kwa siri, na ardhi hiyohiyo ndiyo Smith anayoitaka kwa ajili ya kambi ya vijana. Smith anapokataa kunyamaza anasingiziwa kuwa yeye ndiye mwizi, na anayemsingizia ni Seneta Joseph Paine, rafiki wa marehemu baba yake na mtu aliyemheshimu kama mzazi. Silaha pekee iliyobaki mkononi mwa kijana huyo ni filibasta, yaani haki ya seneta kuendelea kuhutubia bila kukatishwa, mradi asimame kwa miguu yake na asitoke ukumbini, na kwa njia hiyo kuzuia kura isipigwe. Smith anasimama karibu saa 24. Anasoma Azimio la Uhuru, anasoma Katiba, anasoma Biblia, sauti inamkauka, ndevu zinaanza kumwota, na mbele yake yanamwagwa makapu ya simu za maandishi kutoka kwa watu wa jimbo lake mwenyewe waliodanganywa na magazeti ya Taylor. Ukavu wa sauti ile haukuwa wa kuigiza tu, kwani daktari alimpaka Stewart dawa kooni ili sauti iharibike kweli.

Kinachowagusa watazamaji katika mandhari hayo si ushindi. Ushindi unapokuja unakuja ghafla mno, kwa Paine kuzidiwa na dhamiri na kukiri, na mtu anayeitazama filamu hiyo kwa makini huona kwamba bila kukiri huko Smith angekuwa ameshindwa kabisa. Nguvu imo katika ile nusu saa ambamo mtu mmoja, peke yake, analiamini taifa kuliko taifa linavyojiamini. Waliokuwa madarakani walilielewa hilo vizuri, na ndiyo maana hawakufurahi. Onyesho la heshima lilifanyika tarehe 17 Oktoba 1939 mjini Washington, maseneta wengi wakiwa wamealikwa, na baada yake kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Alben Barkley, aliilaumu filamu hiyo hadharani. Naye Joseph Kennedy, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza, aliiandikia studio akitaka isionyeshwe Ulaya kwa hofu kwamba ingeiaibisha nchi wakati vita vimeanza. Capra na mkuu wa studio, Harry Cohn, walikataa. Uzalendo wa balozi ulikuwa wa kuficha aibu ya nyumbani, na uzalendo wa Capra ulikuwa wa kuisafisha nyumba mchana kweupe, na historia imempa haki Capra, kwa kuwa nchi inayoweza kuonyesha maseneta wake wala rushwa kwenye sinema huvutia imani kuliko nchi inayoonyesha viongozi malaika.

Hata hivyo haki inadai yasemwe mambo mawili ambayo filamu hiyo iliyapita kimya. La kwanza ni kwamba filibasta ya kweli, ya miaka hiyohiyo, haikuwa silaha ya wanyonge. Mapema mwaka 1938 maseneta wa majimbo ya kusini waliitumia kwa wiki kadhaa kuua mswada wa kuzuia watu Weusi wasiuawe na makundi ya watu bila kufikishwa mahakamani. La pili linahusu ukumbi wa onyesho lenyewe. Ukumbi huo, Constitution Hall, ulimilikiwa na chama cha Daughters of the American Revolution, na mapema mwaka huohuo wa 1939 chama hicho kilikuwa kimemkatalia mwimbaji Marian Anderson kuimba humo kwa sababu ya rangi yake, naye akaimba tarehe 9 Aprili kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu la Lincoln mbele ya umati wa watu wapatao 75,000. Miezi sita baadaye maseneta walikaa katika viti ambavyo Anderson alikatazwa kuvitumbuiza, wakitazama kwenye pazia jengo lilelile alilopewa badala yake, na mzee Mweusi akivua kofia ndani yake. Mkusanyiko huo wa mambo haukupangwa na mtu yeyote, lakini unaeleza hali ya deni la Marekani mwaka 1939 kwa ukamilifu ambao mwandishi yeyote angeuonea wivu.

Vita vilipoikaribia Marekani, Hollywood iligeukia mashujaa wa bunduki. Sergeant York ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilisimulia maisha ya Alvin York, mkulima wa Tennessee ambaye dini yake ilimkataza kuua, na ambaye tarehe 8 Oktoba 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia nchini Ufaransa, alikuwa mstari wa mbele katika kuwateka askari 132 wa Kijerumani. Gary Cooper alipata Oscar kwa kumwigiza. Mandhari yenye thamani zaidi humo si ya mahandaki, bali ni ile ambayo York anakaa mlimani usiku kucha na kitabu cha historia ya nchi yake pamoja na Biblia, akijaribu kuvipatanisha, na filamu inamwachia muda wa kutosha afikiri. Mnamo Septemba 1941 kamati ya Seneti ilianza kuzichunguza studio kwa tuhuma kwamba filamu za aina hiyo zilikuwa zikiisukuma nchi vitani. Shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba likauzima uchunguzi huo.

Miezi michache baadaye zilianza kupigwa picha za Casablanca, ambayo ni filamu ya kizalendo ya Marekani isiyokanyaga ardhi ya Marekani hata mara moja katika kisa chake. Inatokea nchini Moroko mnamo Desemba 1941, katika mji wa Kiafrika unaotawaliwa na Wafaransa waliosalimu amri kwa Ujerumani, mahali ambapo wakimbizi wa Ulaya wanasubiri hati za kusafiria. Rick Blaine, Mmarekani mwenye baa, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, anashikilia msimamo kwamba mambo ya watu wengine hayamhusu, na watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa kwamba msimamo huo ulikuwa wa nchi yao, ambayo kwa miaka mingi ilifuata siasa ya kujitenga, yaani kutojiingiza katika vita vya mabara mengine. Lakini filamu inafichua mapema kwamba Rick alikuwa na historia nyingine: mwaka 1935 alipeleka silaha Ethiopia, wakati Italia ya Mussolini ilipoivamia, na mwaka uliofuata alipigana Hispania upande wa jamhuri. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kidokezo hicho cha Ethiopia kina uzito wake, kwa sababu kinamaanisha kwamba mwandishi wa filamu alipotafuta ushahidi wa haraka kwamba moyo wa shujaa wake ulikuwa mzima, aliupata katika kuitetea nchi ya Kiafrika ambayo mataifa makubwa yaliitazama ikivamiwa.

Mandhari yanayokumbukwa na kila aliyeiona filamu hiyo ni ya ndani ya baa. Maofisa wa Kijerumani wamelizunguka piano wakiimba wimbo wao wa kijeshi, na mpigania uhuru Victor Laszlo anawaendea wapigamuziki na kuwataka wapige wimbo wa taifa la Ufaransa. Wapigamuziki wanamtazama Rick. Rick anatikisa kichwa kidogo kukubali, ishara ambayo mtu akipepesa jicho huikosa, na baa nzima inasimama na kuimba mpaka sauti za Wajerumani zinamezwa. Yvonne, mwanamke ambaye muda mfupi kabla ya hapo alionekana akiandamana na askari wa Kijerumani, anaimba machozi yakimtiririka, na machozi hayo yalikuwa na chanzo chake, kwani mwigizaji Madeleine Lebeau alikuwa ameikimbia Ufaransa mwaka 1940 pamoja na mumewe, Marcel Dalio, Myahudi, ambaye naye amo ndani ya filamu kama msimamizi wa meza ya kamari. Conrad Veidt, aliyeigiza ofisa mkuu wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake kwa ajili ya kuwakataa Wanazi, na mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mwongozaji Michael Curtiz alizaliwa Budapest, Ingrid Bergman alitoka Sweden, na kati ya waigizaji wanaotajwa majina mwanzoni mwa filamu ni watatu tu waliozaliwa Marekani: Bogart, Joy Page, na Dooley Wilson, mwanamuziki Mweusi aliyeigiza mpiga piano Sam. Hivyo Marekani inayosifiwa katika Casablanca haionekani kwa macho. Ni mahali ambapo abiria wa ndege ya mwisho wanaelekea, ni ahadi ya hifadhi, na wengi wa walioiigiza walikuwa ni watu waliokuwa wameinufaikia ahadi hiyo siku si nyingi zilizopita, au waliokuwa na ndugu ambao hawakuwahi kuifikia.

Uzalendo wa wakati wa vita ni rahisi ukilinganishwa na ule unaotakiwa vita vikiisha, na kwa sababu hiyo The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946 inastahili kupewa nafasi ya juu kuliko filamu yoyote ya mapigano iliyotengenezwa katika muongo huo. Mwongozaji wake, William Wyler, mzaliwa wa Alsace, alikuwa amerudi kutoka Ulaya akiwa amepoteza uwezo wa kusikia kwa sikio moja baada ya kupanda ndege za mabomu ili kupiga picha za jeshi, kwa hiyo alijua anachokisimulia. Watu watatu wanarejea katika mji wa kubuni wa Boone City: Al, sajini aliyekuwa mfanyakazi wa benki; Fred, kapteni wa ndege za mabomu ambaye kabla ya vita aliuza sharubati dukani; na Homer, baharia aliyepoteza mikono yote miwili. Homer aliigizwa na Harold Russell, ambaye hakuwa mwigizaji hata kidogo, bali askari aliyekatika mikono mwaka 1944 kwa mlipuko alipokuwa akiwafundisha wenzake kutumia baruti. Ndoano za chuma anazozitumia kuwasha kiberiti na kushika glasi zilikuwa ni mikono yake ya kila siku.

Wyler anampa Russell mandhari moja ambayo bado haijapata mpinzani katika filamu za kizalendo. Homer, ambaye amekuwa akimkwepa mchumba wake Wilma kwa kuogopa kuhurumiwa, anamchukua hadi chumbani kwake usiku ili aone kile ambacho watu hawakioni. Anajivua mikanda inayoshikilia ndoano, anaitupa kitandani, na kumweleza kwamba tangu wakati huo hadi asubuhi hawezi kufunga kifungo cha nguo ya kulalia, wala kuwasha sigara, wala kuufungua mlango ukijifunga. Wilma hatoi hotuba. Anamfunga vifungo, anamfunika shuka na kumwambia kwamba hatamwacha. Hakuna bendera chumbani humo, hakuna muziki wa kijeshi, lakini mtazamaji anatoka akiwa ameelewa gharama ya vita kuliko ambavyo mnara wowote wa ukumbusho ungemweleza. Kabla ya hapo mtu mmoja dukani, mwenye beji ya bendera kifuani, anamwambia Homer kwamba mikono yake ilipotea bure kwa kupigana na adui asiyestahili, na Homer anamvamia na kuing'oa beji ile. Al naye, akirudi benki, anampa mkopo askari mkulima asiye na mali ya kuweka dhamana, kisha analazimika kujieleza kwa wakubwa zake. Fred anakosa kazi na anatangatanga katika uwanja uliojaa ndege za mabomu zilizong'olewa injini, zikisubiri kukatwakatwa, anapanda kwenye pua ya mojawapo na kukaa mahali alipokuwa akikaa vitani, naye ni wazi kwamba anajiona kuwa ni sehemu ya vyuma hivyo chakavu. Filamu iliyoshinda Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka, ilikuwa ikiiuliza nchi yenye furaha ya ushindi kama ingewalipa watu wake, na nchi ikajaza kumbi za sinema kwenda kuulizwa swali hilo. Russell alipewa Oscar mbili kwa uhusika huo mmoja, jambo ambalo halijampata mwigizaji mwingine.

Inafaa kutaja hapa kwamba shujaa wa Kimarekani anayejulikana kuliko wote katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, ambako filamu zilisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri mashuhuri kama marehemu Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, alianza maisha yake katika mkondo huohuo wa Homer na Fred. Rambo wa First Blood, ya mwaka 1982, si jeshi la mtu mmoja linalofyeka maadui wa kigeni; ni askari aliyerudi kutoka Vietnam, anayekamatwa na polisi wa mji mdogo kwa kosa la kupita njia akiwa mchafu, na ambaye mwishoni anaanguka kilio mbele ya kamanda wake wa zamani akilalamika kwamba hata kazi ya kuegesha magari anakosa. Filamu zilizofuata zilimfanya bingwa wa kuua, na malalamiko yake yakasahaulika, hasara ambayo watazamaji wengi hawakupata nafasi ya kuitambua.

Deni lililo kubwa kuliko yote, lile la utumwa, lilichukua muda mrefu zaidi kufika kwenye pazia kwa namna ya haki. Filamu ya kwanza kubwa ya Marekani kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, The Birth of a Nation ya D. W. Griffith ya mwaka 1915, ilitengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu na kuonyeshwa Ikulu, nayo iliwatukuza Ku Klux Klan, kundi la kigaidi la Wazungu, kama waokoaji wa taifa. Mwaka huohuo kundi hilo lilifufuliwa huko Georgia. Ufundi wa filamu, basi, hauwezi wenyewe kuwa kipimo, na mtu yeyote anayesifu filamu za kizalendo pasipo kuikumbuka hiyo hajaimaliza kazi yake. Jibu lililostahili lilikuja miaka 74 baadaye.

Glory, ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Edward Zwick, inasimulia Kikosi cha 54 cha Massachusetts, mojawapo ya vikosi vya mwanzo vya askari Weusi katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita hivyohivyo vya wenyewe kwa wenyewe, kilichoongozwa na kanali kijana Mzungu, Robert Gould Shaw. Wahusika Weusi wakuu ni wa kubuni, na kati yao anayetawala filamu ni Trip, mtumwa mtoro mwenye uchungu, aliyeigizwa na Denzel Washington na kumpatia Oscar. Trip anatoroka kambini usiku kwenda kutafuta viatu, kwa sababu jeshi halijawapa, naye anakamatwa na kuhukumiwa viboko mbele ya kikosi kizima. Shati linapovuliwa, mgongo wake tayari una makovu ya mjeledi wa bwana wake wa zamani. Anachapwa akimkazia macho Shaw, uso haubadiliki, na chozi moja linateremka. Kwa upande wa historia mandhari hayo yana kasoro, kwani viboko vilikuwa vimepigwa marufuku katika jeshi tangu 1861, na askari wengi wa kikosi hicho walikuwa watu huru wa Kaskazini, wakiwemo watoto wawili wa Frederick Douglass, mwandishi na msemaji maarufu wa kupinga utumwa. Hata hivyo swali linalotoka katika macho yale ni la kweli: ikiwa bendera mpya inachapa kama ile ya zamani, kuna sababu gani ya kuifia?

Swali hilo linajibiwa kwanza kwa mshahara. Askari Weusi waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wenzao, wakapewa 10, na kati ya hizo 3 zilikatwa kwa ajili ya sare. Katika filamu wanazichana karatasi za malipo na Shaw anaungana nao. Yaliyotokea kweli yalikuwa magumu na marefu zaidi, na kwa maoni yanayotetewa katika sura hii yanaipita filamu yenyewe kwa utukufu: kikosi kilikataa kupokea hata senti kwa takriban miezi 18, familia zao zikiteseka nyumbani, na jimbo la Massachusetts lilipojitolea kuwajazia pengo walilikataa pia, kwa kuwa hoja haikuwa dola 3 bali usawa. Kongresi, yaani bunge la shirikisho, lilipokubali mnamo Juni 1864, liliweka sharti kwamba malipo kamili ya nyuma yatolewe kwa wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861, sharti ambalo lingewagawa watu huru na waliokuwa watumwa ndani ya kikosi kimoja. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, alitunga kiapo ambacho askari aliapa kwamba hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumdai kazi ya bure. Waliokuwa watumwa waliapa bila kusema uongo, maana mbele ya Mungu hakuna aliyewahi kuwa na haki hiyo juu yao.

Shambulio la kikosi hicho dhidi ya Ngome ya Wagner, kisiwani Morris huko South Carolina, lilifanyika jioni ya tarehe 18 Julai 1863. Karibu nusu ya askari 600 waliouanza mwendo ule mchangani waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena, na ngome haikutekwa. Katika filamu, kabla ya hapo Trip amekataa heshima ya kubeba bendera, akimwambia Shaw waziwazi kwamba vita vikiisha yeye Shaw atarudi katika nyumba yake kubwa, na kuuliza watu wake watapata nini. Lakini Shaw anapoanguka, Trip ndiye anayeiinua bendera. Haiinui kwa sababu amesahau madai yake. Anaiinua kama mdai anayekamata hati, na hapo ndipo filamu inapomsisimua mtazamaji asiye Mmarekani sawa na aliye Mmarekani. Katika historia bendera ya siku ile iliokolewa na William Carney, mzaliwa wa utumwani huko Virginia, aliyejeruhiwa zaidi ya mara moja na kupewa Nishani ya Heshima mwaka 1900, miaka 37 baadaye. Wanajeshi wa Kusini walimzika Shaw katika shimo moja na askari wake kwa nia ya kumdhalilisha, na baba yake alipopata habari alikataa mwili uhamishwe, akiona kwamba hapakuwa na mahali pa heshima kuliko hapo.

Baada ya Glory, hata filamu zilizorudi katika Vita vya Pili vya Dunia zilibadilika sauti. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998, inaanza na bendera iliyopauka rangi, kisha kwa dakika zaidi ya 20 inamtupa mtazamaji katika ufuko wa Normandy, akiwa na Kapteni Miller, mwalimu wa shule ambaye mkono wake unatetemeka. Swali la filamu hiyo, kama ni halali kuhatarisha watu wanane ili kumwokoa mmoja, linabaki juu ya mabega ya huyo aliyeokolewa hadi uzeeni, anapomuuliza mkewe kama ameishi maisha yaliyostahili. Deni limegeuka upande: sasa ni raia anayedaiwa na waliokufa.

Hidden Figures ya mwaka 2016 inalirudisha deni kwa taifa, na inafanya hivyo bila risasi hata moja. Inahusu wanahisabati Weusi wa kituo cha Langley huko Virginia, Katherine Johnson, Dorothy Vaughan na Mary Jackson, ambao hesabu zao zilisaidia kumpeleka mwanaanga John Glenn kuizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962. Mojawapo ya vituo vilivyofuatilia chombo chake kutoka ardhini kilikuwa Zanzibar, na kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ni kweli kwamba Glenn alitaka Johnson ahakiki mahesabu ya mashine kabla ya kuruka. Si kweli kwamba mkuu wa idara, Mzungu, alibomoa kibao cha choo cha watu Weusi. Mandhari hayo yalibuniwa, na ni doa katika filamu njema, kwa sababu yanamkabidhi mdaiwa sifa ya kulipa deni ambalo wadai walilikusanya wenyewe. Johnson kwa hakika alitumia choo kilichokuwa karibu naye bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mandhari yenye uzito wa kweli ni ya Mary Jackson, anayesimama mbele ya hakimu kuomba aruhusiwe kuhudhuria masomo ya jioni katika shule ya Wazungu ya mji wa Hampton, kwa kuwa bila masomo hayo hawezi kuwa mhandisi. Hamlilii. Anamkumbusha hakimu kwamba yeye naye alikuwa wa kwanza katika mambo kadhaa ya familia yake, na kumuuliza ni hukumu ipi kati ya zote atakazozitoa siku ile itakayokumbukwa baada ya miaka 100. Mahojiano hayo ya mahakamani ni ya filamu, lakini ombi lilikuwa la kweli: Jackson aliuomba mji wa Hampton ruhusa hiyo, akaipata, akafaulu masomo, na mwaka 1958 akawa mhandisi wa kwanza mwanamke Mweusi katika NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Mwaka 2020, miaka 15 baada ya kifo chake, shirika hilo lilitangaza kuliita jengo la makao yake makuu mjini Washington kwa jina la Jackson.